SAYARI NI NGAPI, NA NI NANI AZIHESABUYE?



Ukimwuliza mzee aliyesoma falaki chuoni hapa pwani kwetu sayari ni ngapi, atakujibu ni saba. Ukimwuliza mwanawe aliyesoma shule katika miaka ya baada ya uhuru, atakujibu ni tisa. Na mjukuu aliye darasani leo atakujibu ni nane. Watu watatu wa nyumba moja, wala hapana hata mmoja wao aliyedanganywa na mwalimu wake. Mbingu iliyo juu ya paa la nyumba yao ni ile ile. Basi imekuwaje hesabu ikageuka mara tatu, na ni nani huyo mwenye amri ya kuingiza sayari na kuitoa?

Swali hili si la kupitishia wakati. Hapa kwetu Kinjumbi, katika wilaya ya Kilwa, liliwahi kuleta maneno barazani. Alipita waadhi mmoja, mtu mwenye sauti nzuri na kanzu safi, akatuambia kwamba zile nyota 11 alizoziona Nabii Yusuf, alayhis-salaam, katika ndoto yake, ni sayari 11 za jua; kwamba wataalamu wamekwisha kuvumbua tisa, na mbili zilizobaki wako njiani kuzipata. Watu walitoa takbiri. Kisha ukaja mwezi wa Agosti mwaka 2006, redio zikatangaza kwamba wataalamu wamekutana Ulaya wakaitoa Pluto katika hesabu, zimebaki nane. Wale vijana waliotoa takbiri wakaja kwangu, na mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye khabari ya mgonjwa: "Maalimu, sasa itakuwaje na zile kumi na moja?" Na wenziwe waliokaa upande wa pili wa baraza wakacheka, wakasema ilimu ya Wazungu haina miguu, jana hivi, leo vile, bora mtu asiisome.

Walioingiwa na hofu na waliocheka walikuwa wamefungwa kwa kamba moja. Wote walidhani kwamba idadi ya sayari ni kitu kisichogeuka, kama idadi ya vidole vya mkono, na kwamba anayeihesabu ama amepata ama amekosa. Ili kuifungua kamba hiyo hapana budi turudi nyuma katika taarikh.

Tuanze na neno lenyewe. Sayari ni Kiarabu, sayyara, na asili yake ni kwenda, kusafiri. Ajabu ni kuwa neno hilo limo katika Sura hiyo hiyo ya Yusuf, lakini halina uhusiano na nyota: ni ule msafara uliopita kisimani ukamtoa mtoto katika shimo. Ndoto ya nyota imetumia neno jingine kabisa. Na leo Waarabu huliita gari sayyara. Kila aliyekwenda kuhiji amelisikia likitajwa Jeddah. Msafara, gari na nyota itembeayo, vyote vitatu ni wasafiri. Wayunani wa kale nao waliziita kwa neno la kwao lenye maana ya watangaji, watu wasiokaa mahali pamoja, na neno hilo ndilo wanalotumia Wazungu hata leo.

Ukitaka kujua kwa nini ziliitwa hivyo, huna haja ya darubini. Toka nje baada ya Isha, usiku usio na mwezi, uangalie Kilimia. Zile nyota zilizosongamana hukaa vile vile, mwaka baada ya mwaka, umbali baina ya moja na nyingine haupungui wala hauongezeki machoni mwako. Babu zetu waliokuwa wakulima walizijua kama wajuavyo mipaka ya mashamba yao, na wakasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyota zote ziko hivyo, isipokuwa tano zionekanazo kwa jicho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Hizo hazitulii. Leo utaiona moja karibu na nyota fulani, baada ya mwezi imehama. Na pengine husimama, ikarudi nyuma, kisha ikaendelea mbele tena. Wako wafasiri waliosema kwamba nyota zilizoapiwa katika Suratut-Takwir, zile zirudizo nyuma na kujificha, ni hizo tano, na kauli hiyo imepokewa kwa Sayyidna Ali, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Wengine walisema vingine. Wallahu aalam.

Ukizitia pamoja na jua na mwezi, ambavyo navyo hutembea baina ya nyota, wapata saba. Hiyo ndiyo hesabu ya mzee wa chuoni, na ilikuwa hesabu ya Wayunani, ya Waajemi, ya Wahindi na ya Waarabu. Tazama vizuri maana yake ilikuwa nini. Sayari ni kitu chenye nuru kinachotembea mbinguni. Hapana aliyeuliza ukubwa wake, wala kimefanywa kwa udongo au kwa moto, wala kinazunguka nini. Ardhi haikuwa sayari, kwani miguu yetu haisikii ikitembea. Lilikuwa neno la jicho, na kwa kazi ya jicho lilitosha.

Wala usiidharau kazi hiyo. Ahmad bin Majid wa Julfar, ambaye kitabu chake kikubwa cha ilimu ya bahari kilitungwa kiasi cha mwaka 1490, alitunga pia urjuza inayoeleza njia ya pwani yetu mpaka Sofala. Manahodha wa zama zile walipima urefu wa nyota kwa vidole: mkono ukinyooshwa, nyota iko vidole vingapi juu ya maji? Kwa hesabu hiyo walijua wamefika wapi, kaskazini au kusini. Nyota ya Jaa ilikuwa ndiyo msingi, lakini chombo kikishavuka mstari wa ikweta kuja huku kwetu Jaa huzama, nao wakategemea nyingine, kama Farkadani na Naashi. Zote hizo ni nyota zikaazo. Nahodha aliyeingia Kilwa kwa kuipima Mushtari akidhani ni katika hizo, angelala juu ya mwamba. Kwa hivyo mtu wa bahari alikuwa na haja kubwa ya kujua ni ipi imekaa na ni ipi yasafiri, na jawabu la saba lilimtosha kabisa.

Katika miji ya Kiislamu saba hizo zilipimwa kwa uangalifu ambao ulimwengu haukuwa umeuona. Kitabu cha Ptolemy, ambacho Waarabu walikiita Almajisti, kilisomwa na kusahihishwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun. Mwaka 1259 ilianza kujengwa nyumba ya kupimia nyota Maragha, katika Uajemi, chini ya Nasiruddin Tusi. Na Damascus, katika msikiti mkuu wa Bani Umayya, alikuwako mwenye kazi ya kupanga nyakati za Sala, Ibn Shatir, aliyefariki mwaka 1375. Huyu alitengeneza hesabu ya mwendo wa mwezi ambayo miaka zaidi ya 100 baadaye ilionekana ile ile katika kitabu cha Copernicus wa Poland. Vipi ilifika huko, wanataarikh wangali wakiichunguza.

Upande wa pili wa falaki hiyo ni ule tusioupenda. Saba hizo waligawiwa wapiga ramli, kila sayari ikapewa siku yake na saa yake na buruji zake, na mpaka leo wako wanaokuja kwa mganga kuuliza nyota yangu ni ipi. Mimi huwauliza swali moja tu. Mbali na hizo saba ziko nyingine mbili kubwa mno, na kila moja yaweza kumeza ardhi yetu zaidi ya mara 50, na vitabu vya ramli havina khabari nazo. Ikiwa nyota ndizo ziendeshazo riziki ya mtu, hizo mbili zilikuwa zikifanya nini maelfu ya miaka bila ya mganga kuzijua?

Tuendelee. Mwaka 1543 kikatoka kitabu cha Copernicus, na humo jua likawekwa katikati na ardhi ikaanza kulizunguka. Watu hukumbuka ugomvi uliofuata, lakini hawakumbuki kilichotokea kwa neno sayari. Jua lilitolewa katika orodha. Mwezi ulitolewa, ukawa mfuasi wa ardhi. Na ardhi, ambayo haikuwamo, ikaingizwa. Saba zikawa sita. Kwa hivyo Pluto si wa kwanza kufukuzwa. Waliotangulia kufukuzwa ni jua na mwezi, mabwana wakubwa wa mbingu. Na sababu ni moja: neno liliachwa kuwa neno la jicho, likawa neno la mwendo. Sayari sasa ni kile kinacholizunguka jua.

Hata hivyo maana mpya haikukaa sawa mara moja. Galileo alipoelekeza darubini yake kwenye Mushtari mwaka 1610 akaona vinne vinaizunguka, mwenyewe aliviita sayari. Wengine walipoona vilivyoizunguka Zohali nao wakaviita hivyo hivyo. Zilipita siku nyingi kabla ya watu kukubaliana kuviita miezi.

Usiku wa tarehe 13 Machi mwaka 1781, katika mji wa Bath, Uingereza, mpiga kinanda mmoja mzaliwa wa Ujerumani, William Herschel, ambaye alipenda nyota kuliko muziki uliomlisha, aliona kitu kisichokuwa kama nyota. Alidhani ni nyota ya mkia. Waliopiga hesabu ya mwendo wake wakaona ni sayari, mbali kupita Zohali. Tangu mwanadamu aanze kuangalia juu, hiyo ndiyo sayari ya kwanza kuvumbuliwa. Zile nyingine hazikuvumbuliwa na mtu, zilikuwako machoni. Herschel alitaka kuipa jina la mfalme wake, George. Wenziwe wa nchi nyingine hawakuridhia, nayo ikaitwa Uranus. Sayari zikawa saba tena, lakini si zile saba za mzee.

Sasa nakuomba, ndugu msomaji, uangalie sana miaka inayofuata, maana hapa ndipo penye dawa ya yule kijana wa barazani.

Tarehe 1 Januari mwaka 1801, padri mmoja wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily, jina lake Giuseppe Piazzi, aliona kitu kikitembea baina ya Mirihi na Mushtari. Kikaitwa Ceres, kikahesabiwa sayari. Mwaka 1802 kikapatikana cha pili, Pallas. Mwaka 1804 cha tatu, Juno. Mwaka 1807 cha nne, Vesta. Vyote viko katika uwanja mmoja. Herschel alinung'unika tangu mwaka 1802 kwamba vitu hivyo ni vidogo mno, akapendekeza viitwe asteroidi, yaani vifananavyo na nyota. Lakini vitabu vya shule vya wakati ule vilivihesabu. Haya, tuhesabu nasi: Utaridi, Zuhura, ardhi, Mirihi, Vesta, Juno, Ceres, Pallas, Mushtari, Zohali, Uranus. Kumi na moja!

Kwa muda wa miaka 38 dunia ya wasomi wa Ulaya ilikuwa na sayari 11 kamili. Lau waadhi wetu angaliishi wakati ule, asingelikuwa na haja ya kusema mbili bado. Angesimama akasema zimetimia. Na watoto wa wale waliomsikiliza wangeona aibu, kwani mwaka 1845 mtumishi wa posta mstaafu wa Ujerumani, Karl Hencke, alivumbua cha tano, na baada yake vikafululiza kama kumbikumbi baada ya mvua. Kufika katikati ya karne ile vilikuwa zaidi ya kumi, na leo vinajulikana zaidi ya milioni moja. Wanafalaki wakaona haya si mambo. Wakavitoa vyote, Ceres na wenziwe, wakavipa daftari lao peke yao. Hapakupigwa kura wala hapakuitishwa mkutano. Vitabu viliacha kuviandika kidogo kidogo, na waliosikitika ni wachache.

Katika mwaka 1846 ikaingia Neptune, na jinsi ilivyopatikana ni kisa cha kustaajabisha. Uranus ilikuwa haiendi sawa na hesabu. Mfaransa Le Verrier akakaa na kalamu, akasema kuna kitu kinaivuta, na kiko mahali fulani. Akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba, Johann Galle alielekeza darubini mahali alipoambiwa akakiona, chini ya digrii moja kutoka pale palipoandikwa. Sayari ikapatikana mezani kabla ya kuonekana mbinguni.

Ama Pluto, ilivumbuliwa tarehe 18 Februari mwaka 1930 na kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, mtoto wa mkulima wa Kansas, akifanya kazi katika nyumba ya darubini ya Lowell, Arizona. Alikuwa akilinganisha picha za usiku mbalimbali kutafuta kidoa kilichohama. Jina lake lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford. Walidhani ni kubwa kama ardhi au karibu yake, na kwa ajili hiyo hawakusita kuiita ya tisa. Lakini kila walipoipima ilipungua. Mwaka 1978 ulionekana mwezi wake, Charon, na mwezi ni mizani: ukijua mwendo wake unajua uzito wa bwana wake. Wakaona Pluto haifiki sehemu moja katika 400 ya uzito wa ardhi. Upana wake ni kiasi cha kilomita 2,377, na mwezi wetu huu ni kilomita 3,475. Na njia yake imepinda, hata toka mwaka 1979 mpaka 1999 ilikuwa karibu na jua kuliko Neptune.

Bado ilibaki katika orodha, kwani ilikuwa peke yake huko mbali. Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu, wakiwa Hawaii, waliona kitu kingine katika uwanja ule. Kisha vikafululiza. Msomaji umekwisha kuona kisa hiki: ni cha Ceres kinarudi. Na mwaka 2005 Mike Brown na wenziwe wawili wakatangaza kitu walichodhani ni kikubwa kuliko Pluto, ambacho baadaye kiliitwa Eris, kwa jina la mungu wa fitina wa Wayunani. Jina lilimstahili. Siku hizi inajulikana kuwa Pluto imeizidi Eris upana kidogo, lakini Eris ni nzito zaidi. Basi ikawa lazima kuchagua. Ama Eris iwe sayari ya kumi, na wote watakaokuja nyuma yake waingie. Ama Pluto itoke.

Ajabu ni kwamba mpaka siku hiyo hapakuwa na maandishi ya kusema sayari ni nini. Kila mtu alijua, na hapana aliyeandika. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ukaweka kamati ya watu saba, mwenyekiti wake akiwa Owen Gingerich, bingwa wa taarikh ya falaki. Kamati ilipendekeza kwamba kila kitu kinacholizunguka jua, na chenye uzito wa kutosha kujifinyanga kikawa mviringo, ni sayari. Kwa mizani hiyo zingekuwa 12, na Ceres angerudi nyumbani baada ya miaka 150. Mkutano wa Prague ulibishana kiasi cha wiki nzima. Wengi walikataa. Tarehe 24 Agosti mwaka 2006 wakapiga kura kwa kuinua kadi za manjano, na azimio likapita lenye masharti matatu: iwe yalizunguka jua, iwe na uzito wa kuifanya mviringo, na iwe imesafisha njia yake.

Hilo la tatu ndilo lililoiangusha Pluto. Nalo si gumu kulifahamu kwa mtu wa huku. Tazama mkorosho mkubwa uliokomaa shambani. Chini yake huoni mti mwingine; ama umeufunika kwa kivuli, ama umeunyima maji. Lakini nenda kwenye kichaka, miti elfu iko sawasawa, hapana uliowatawala wenziwe. Ardhi na Mushtari ni mikorosho. Ceres na Pluto ni miti ya kichakani, mizuri, mingine mirefu, lakini haikutawala. Hizo zikaitwa sayari kibete, na zilizotambuliwa rasmi kwa jina hilo ni tano: Ceres, Pluto, Eris, Haumea na Makemake.

Wako wataalamu waliokataa, na hoja zao si za kupuuzwa. Alan Stern, aliyekuwa kiongozi wa safari ya chombo kilichopita karibu na Pluto tarehe 14 Julai mwaka 2015, amesema kwamba waliopiga kura walikuwa kiasi cha watu 400 tu, na Umoja una wanachama maelfu. Tena amesema, ukiichukua ardhi yetu ukaiweka mahali pa Pluto, haitaweza kuisafisha njia ndefu kama ile, na itakosa kuwa sayari. Je, kitu kiitwe kwa kilivyo, au kwa mahali kilipokaa na majirani zake? Mimi sioni kuwa Prague wamelijibu swali hilo vizuri. Naona walichagua jawabu lililowafaa katika kazi yao, kama nahodha alivyochagua lililomfaa katika yake.

Na hapa wanavyuoni wetu wana kanuni ya zamani iliyo nyepesi kuhifadhi: hapana ugomvi katika istilahi. Watu wa fani moja wakikubaliana neno fulani walitumie kwa maana fulani, hiyo ni haki yao, maadamu wamesema maana yake. Mwanasarufi akisema "kitendo" na mwanafikihi akisema "kitendo" hawapigani. Uzito wa Pluto, njia yake ya miaka 248, miezi yake mitano, hivyo si istilahi. Hivyo hupimwa, na mtu akisema uongo hushikwa. Lakini kuiita sayari au kutoiita ni mapatano ya watu, na mapatano huvunjwa na kufungwa upya. Wale waliocheka barazani walidhani wataalamu wamegundua kwamba Pluto haiko. Iko, na siku ile ya Agosti haikusogea hata shibiri kwa ajili ya kura yao.

Ama yule kijana nilimwambia arudi kwenye Sura aisome mpaka mwisho. Ndoto ya Yusuf haikuachwa bila ya tafsiri hata ikamngojea mtu mwenye darubini. Mwisho wa kisa, wazazi wake na ndugu zake 11 wamesimama mbele yake Misri, naye mwenyewe anamwambia baba yake kwamba hii ndiyo maana ya ile ndoto. Nyota ni ndugu, jua na mwezi ni wazazi, na wafasiri walitangulia kusema hivyo. Ya nini basi kutafuta sayari? Tena hakuna aliyemwuliza waadhi: katika hizo tisa ulizohesabu, moja ni hii ardhi tuliyoikalia, Yusuf aliiona nayo huko juu ikimsujudia? Na haya si mapya. Walikuwako watu wa zamani waliosema mbingu saba ni falaki saba za sayari saba, na hesabu yao ilikwisha siku jua lilipotolewa. Kijana akauliza, mbona waadhi alisema kwa yakini vile? Nikamwambia yakini ya sauti haina gharama.

Limebaki jambo la lugha, ambalo kwetu sisi linauma zaidi kuliko kura ya Prague. Majina ya sayari Kiswahili kilikuwa nayo tangu zamani, kwa njia ya Kiarabu. Lakini walipoandika vitabu vya shule, baadhi ya waandishi walifasiri kutoka Kiingereza. Kwa Kiingereza sayari ya kwanza na ile madini ya maji maji zina jina moja, basi Utaridi ikaitwa Zebaki. Jina la Utaridi likabaki bila ya mwenyewe, wakapewa Pluto! Zohali ikaitwa Sarateni, ambalo ni jina la burji ya Kaa, na jina la Zohali likahamishwa kwa Uranus. Neptune ikapewa Kausi, ambalo ni jina la burji ya Upinde. Vitabu vingine vikabaki na majina ya zamani. Kwa hivyo mtoto wetu akisoma chuoni asubuhi na shule mchana, Utaridi ya asubuhi ni ile iliyo karibu kabisa na jua, na Utaridi ya mchana ilikuwa ile ya mbali kuliko zote. Hapa ndipo ile kanuni ya istilahi inapotimia sharti lake: neno huru kubadilishwa, lakini waliobadilisha waseme, na wasome kwanza lililokuwapo.

Siku hizi majina yanatoka kwetu pia. Tangu mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipoitangaza sayari inayozunguka nyota nyingine iliyo kama jua, zimepatikana zaidi ya 5,000 za namna hiyo, na Umoja ule ule wa wanafalaki ulizialika nchi za dunia kila moja ipe jina nyota moja na sayari yake. Majina yakatangazwa Desemba mwaka 2019. Wakenya waliita nyota yao Kalausi na sayari yake Buru. Watanzania waliita nyota yao Mpingo, kwa mti huu uotao katika misitu yetu ya Kilwa na Lindi, na sayari yake wakaiita Tanzanite. Tanzanite hiyo ni kubwa kuliko Mushtari, na huizunguka Mpingo kwa muda usiofika siku tatu.

Mwanafunzi mmoja wa chuoni kwangu aliposikia hayo aliuliza kama Tanzanite imo katika zile nane. Haimo. Azimio la Prague limesema sharti ilizunguke jua letu, na Tanzanite haijui khabari za jua letu. Kwa hizo za mbali wanafalaki wana mizani nyingine: isipite mara 13 ya uzito wa Mushtari, maana ikizidi hapo huanza kuwaka kwa ndani kwa namna ifananayo na nyota. Tanzanite ina uzito kiasi cha Mushtari mbili na ushei, basi kwa mizani hiyo ni sayari. Akataka kujua yaonekana wapi. Mpingo iko katika kundi la Nyangumi, ambalo huku Kinjumbi hupita juu ya vichwa vyetu saa za jioni katika miezi ya Novemba na Desemba. Lakini kwa jicho haionekani, yataka darubini.